Risiti Yako Imo Katika Simu ya Nani?

Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Idodi, Wilaya ya Iringa, kuhusu huduma za nishati zinazotolewa kwa njia ya kidijitali

Kamwene!

Nashukuru kwa kuniitikia. Nimeambiwa kwamba mgeni akifika Idodi akasalimu kwa salamu ya wenyeji husikilizwa kwa subira zaidi, nami leo naihitaji subira hiyo, kwa kuwa mambo niliyokuja nayo yana tarakimu nyingi.

Nimetoka Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ambayo wengi mnaijua kwa kifupi chake, EWURA. Mamlaka haiuzi umeme, haisimiki nguzo, wala haimiliki mita hata moja. Kazi yake ni kutoa leseni, kuidhinisha bei, kusimamia ubora wa huduma na kuamua malalamiko yanayotokea baina ya mtoa huduma na mtumiaji. Nalisema hili mapema ili mtu asije akaniuliza mwishoni ni lini nguzo itafika kitongojini kwake. Swali hilo ni la haki kabisa, lakini wenye jibu lake ni TANESCO na Wakala wa Nishati Vijijini.

Tena sikuja kuwafundisha umeme ni nini. Maji ya mto Ruaha Mkuu, unaopita katika nchi yenu hii, ndiyo yanayoingia Mtera kuzungusha mitambo ya megawati 80, yakashuka Kidatu kuzungusha mingine ya megawati 204, kisha yakakutana na Rufiji na kuingia katika bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Watu wanaoishi juu ya mto wana haki ya kuzungumza juu ya umeme kwa sauti kubwa kuliko sisi tunaousubiri chini.

Nililokuja nalo ni jambo moja. Katika miaka ya karibuni huduma za nishati zimehama kutoka dirishani na kuingia katika simu. Haki zenu hazikuhama. Zipo palepale zilipokuwa. Kilichohama ni ushahidi. Zamani ushahidi wa malipo ulikuwa karatasi, nayo karatasi ilikunjwa, ikawekwa kwenye kibweta au ikachomekwa darini. Leo ushahidi ni ujumbe wa simu, na mara nyingi, hasa vijijini, simu hiyo si yako.

Tukumbushane tulikotoka. Hapo zamani mita ilisomwa na msoma mita, hati ya madai ikaja baadaye, na mwenye nyumba akaenda kupanga foleni ofisini. Katika miaka ya 1990 ikaanza LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia, na foleni ikahamia kwa wakala mwenye mashine ya kuchapa risiti. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, mitandao mingine ya simu ikafuata, na taratibu ununuzi wa umeme ukaingia mfukoni. Sasa hata maombi ya kuunganishiwa umeme hufanywa katika mfumo wa TANESCO uitwao NiKONEKT, kwa simu janja au kwa kupiga *152*00# katika simu ya kawaida, na mwombaji hutakiwa kuwa na namba ya kitambulisho cha Taifa. Taarifa ya hitilafu hutolewa kwa kupiga 180 bila malipo. Bei kikomo za mafuta, ambazo Mamlaka huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nazo hupatikana kwa *152*00#, na mwenye pikipiki hahitaji kusubiri gazeti.

Haya ni mema. Mtu wa Idodi aliyekuwa akilipa nauli ya kwenda Iringa mjini na kurudi ili anunue umeme wa shilingi elfu mbili anajua wema huo kuliko mimi. Lakini kila mlango unapohama, yupo anayebaki nje akiutafuta pale ulipokuwa. Huyo ndiye ninayemkusudia leo: mzee asiyeona maandishi madogo ya kioo cha simu, mama ambaye simu yake ni ya kitochi na haina salio, mpangaji ambaye mita imeandikwa jina la mtu aliyehamia Dar es Salaam, na mkulima ambaye mwanawe aliyeko mjini humnunulia umeme na kumtumia namba kwa kumsomea.

Nitawapa mfano wa nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa anaishi katika kijiji ambacho sitakitaja. Siku moja alimpa kijana wa dukani shilingi 5,000 amnunulie umeme. Kijana alikuwa na haraka, akakosea tarakimu moja ya namba ya mita. Tokeni ikaja, mama akaiingiza, mita ikaikataa. Akarudi dukani. Kijana akamwambia aingize tena taratibu. Akaingiza tena taratibu. Mita ikaikataa taratibu vilevile. Kesho yake alipoamua kwenda ofisini aliombwa ujumbe wa manunuzi. Ujumbe ulikuwa katika simu ya kijana, naye kijana alikuwa amekwisha kuufuta kwa sababu simu ilijaa. Hakuna aliyemwibia mama. Hakuna hata aliyemdharau. Lakini alirudi nyumbani bila umeme na bila fedha, na hakuwa na kitu cha kumwonesha mtu yeyote kwamba shilingi 5,000 zilitoka mkononi mwake. Mimi, mwanawe ninayefanya kazi katika ofisi ya kutetea watumiaji, nilipopigiwa simu sikuwa na la kumsaidia. Hotuba hii ilianza siku ile.

Basi tuuchambue huo ujumbe, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo watu wengi huyaruka ili wafike kwenye tokeni.

Kuna namba ya mita. Kuna tarehe. Kuna fedha iliyolipwa, na fedha iliyobaki kununua umeme baada ya kodi na tozo. Kuna idadi ya uniti. Kuna namba ya muamala au ya risiti. Na kuna tokeni yenyewe, tarakimu 20. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita moja tu. Iliyotengenezwa kwa mita ya jirani haiwezi kuingia katika yako hata ukiiandika mara mia. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ni namba ya mita, wala si uniti, na ukaguzi huo hufanyika kabla ya fedha kutoka. Mwombe wakala akusomee namba aliyoiandika, tarakimu kwa tarakimu, kabla hajathibitisha malipo. Asione kwamba unamshuku. Mwenye duka la dawa husoma cheti mara mbili na hakuna mgonjwa anayekasirika.

Baada ya hapo, nakili katika daftari. Ndiyo, daftari, lile la shule lenye mistari. Andika tarehe, jina la wakala, kiasi, namba ya muamala, uniti na tokeni. Wapo watakaonicheka kwamba nimekuja kuzungumzia mambo ya kidijitali nikiwa na kalamu. Wacheke. TANESCO hutunza kumbukumbu ya manunuzi ya kila mita, na mtu mwenye namba yake ya mita, tarehe na kiasi anaweza kusaidiwa kuipata tokeni iliyopotea. Asiye na chochote huanza kubishana. Na ikitokea fedha imekatwa lakini tokeni haijafika, usilipe mara ya pili kwa hasira. Chukua namba ya muamala, uliza kwanza.

Namba ya mita nayo iandikwe ukutani, karibu na mlango, kwa chaki au kwa wino. Nimeona nyumba moja hapa hapa imeandikwa kwa mkaa, maandishi makubwa, safi. Mwenye nyumba ile hahitaji hotuba yangu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linawagharimu watu wa Idodi kuliko tarakimu iliyokosewa, nalo halina kosa la mtu ndani yake. Ni hesabu tu.

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo yumo katika kundi D1. Uniti 75 za kwanza za mwezi hulipiwa shilingi 100 kila moja. Kila uniti inayozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Mteja wa kundi T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya Mamlaka. Ndiyo maana shilingi 1,000 humpa mteja wa D1 uniti 8.2, na wa T1 uniti 2.8, na majirani wawili wakilinganisha ujumbe wao hudhani mmoja kaibiwa.

Sikilizeni hapa. Mfumo hauoni umeme uliotumia. Huona umeme ulionunua, nao huhesabu kwa mwezi. Mkulima wa mpunga wa Idodi hupata fedha wakati wa mavuno. Kwa busara ya mtu aliyezoea kuweka akiba ya chakula ghalani, anasema: ngoja ninunue umeme wa miezi mitatu kabisa, fedha isije ikaniponyoka. Busara hiyo ni nzuri kwa mpunga. Kwa LUKU inamwadhibu.

Tuhesabu pamoja. Uniti 75 za D1, pamoja na kodi na tozo, ni shilingi 9,150. Mtu akinunua za kiasi hicho kila mwezi kwa miezi mitatu, ametoa shilingi 27,450 na amepata uniti 225. Mtu mwingine akitoa shilingi hizohizo 27,450 siku moja, atapata uniti 75 za kwanza kwa shilingi 9,150. Zilizobaki, shilingi 18,300, zitanunua kwa bei ya juu, ambayo pamoja na kodi na tozo ni shilingi 427 kwa uniti. Atapata uniti 42 na kitu. Jumla yake haifiki 118. Fedha ni ileile, mita ni ileile, nyumba ni ileile, na amekosa uniti zaidi ya 100 kwa sababu ya siku aliyochagua kununua. Tena mteja ambaye manunuzi yake yanazidi uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishwa kutoka D1 kwenda T1, ikiwa mfumo unamwona kama mtumiaji mkubwa, kumbe ni mtu mwenye taa nne na redio aliyependa kuweka akiba.

Msimamo wangu, na nausema kama mtumishi wa umma aliyesomeshwa kwa kodi zenu, ni kwamba jambo hili halielezwi vya kutosha. Mashine ilipewa kanuni, ikaifuata bila kukosea. Sisi tulio upande wa watu ndio tuliopaswa kuja hapa na ubao na chaki mapema zaidi. Wekeni akiba ya fedha, msiweke akiba ya uniti. Nunueni mwezi kwa mwezi. Na kama umehamishiwa T1 na unaamini matumizi yako ni madogo, una haki ya kuandika na kuomba upitiwe upya. Hapo daftari lako litazungumza kwa niaba yako.

Mpangaji naye nina neno lake. Nyumba nyingi katika senta zetu zina vyumba vitano na mita moja. Uniti za watu watano hukusanyika katika mita moja, zikavuka 75 kabla mwezi haujafika katikati, na wote wakalipa bei ya juu. Hilo haliwezi kutatuliwa na simu. Linahitaji mwenye nyumba na wapangaji wakae wazungumze kuhusu mita za pekee. Aidha, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia ununuzi wa LUKU pale jengo linapodaiwa. Kodi hiyo ni ya mmiliki. Mita haimjui mmiliki. Inamjua anayenunua umeme. Mpangaji akikatwa, ujumbe wa makato ndio hati yake ya kumwonesha mwenye nyumba ili kiasi hicho kitolewe katika pango. Asipokuwa na ujumbe, mazungumzo yatakuwa mafupi. Na usiponunua umeme kwa miezi kadhaa, deni la miezi hiyo hukusanyika na kukatwa kwa pamoja siku utakaponunua. Usishangae ukitoa shilingi 5,000 ukapewa uniti za kuhesabu kwa vidole.

Wengi mtakumbuka usumbufu wa mwaka 2024. Mita za malipo ya kabla duniani kote zinazotumia mfumo mmoja wa tokeni zilikuwa na ukomo: hesabu yake ya muda, iliyoanza Januari 1993, ilikuwa ikifika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Hapa kwetu mteja aliponunua umeme alipokea makundi matatu ya tarakimu 20, akatakiwa kuingiza la kwanza, kisha la pili, ndipo la tatu lenye umeme. Huduma ile ilikuwa bure. Lakini katika vijiji kadhaa walijitokeza watu wakitoza fedha kwa kazi ya kubonyeza namba, na wengine wakidai mita imekufa na inahitaji kununuliwa nyingine. Walifanikiwa kwa sababu taarifa ilikuwa imefika kwa simu janja kabla ya kufika kwa watu. Kama bado kuna mtu hapa ambaye mita yake ilikaa bila kutumika tangu kabla ya tarehe ile, labda nyumba ilifungwa, asimlipe fundi wa mtaani. Apige 180.

Na hapa niwaombe radhi wazee wangu kwa kuwagusa mahali panapouma.

Mifumo hukatika. Mei 2021 mfumo wa kununua LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa watu nchini walikuwa na fedha mkononi na giza nyumbani. Mei 2024 nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikatika, na huduma nyingi zinazotegemea mtandao zikayumba. Umeme ukiisha usiku na tokeni haipatikani, mtu hafanyi mjadala, huwasha mshumaa. Hapa Idodi hakuna anayehitaji kuelezwa mshumaa unaweza kufanya nini. Agosti 2009 bweni la wasichana wa shule yenu ya sekondari liliteketea usiku na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilieleza kwamba chanzo kilikuwa mshumaa uliokuwa ukitumika kusomea. Sikuwajua mabinti wale. Wapo hapa walioketi ambao waliwajua kwa majina.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu juu ya uniti unaanzia hapa. Nyumba yenye mtoto anayesoma isisubiri mita ianze kulia ndipo inunue. Uniti tano zikibaki, nunua. Shule, zahanati na nyumba za ibada ziwe na mtu mmoja anayejulikana, mwenye jukumu la kutazama mita kila Ijumaa, na mwingine wa akiba endapo yule wa kwanza simu yake imeharibika. Kila nyumba iwe na taa moja ya betri au ya jua, hata ndogo, kwa ajili ya usiku ambao mtandao umegoma. Nimesema tusiweke akiba ya uniti za miezi mitatu. Sikusema tuishi na uniti mbili.

Nimetaja taa za jua. Katika vitongoji ambavyo gridi haijafika, kampuni mbalimbali huuza mitambo ya sola kwa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Mtambo una kifungo ndani yake: ukilipa hufunguka, usipolipa hujifunga wenyewe, hata kama jua linawaka utosini. Sina ugomvi na biashara hiyo. Imeingiza mwanga mahali ambapo sisi wenye nguzo hatujafika. Lakini kabla ya kuweka dole gumba katika mkataba, uliza: bei yote mpaka mwisho ni kiasi gani, na ningelipa taslimu ingekuwa kiasi gani? Nikikosa wiki mbili wakati wa kilimo, deni linasimama au linaongezeka? Betri ikifa mwaka wa pili, nani analipa? Nikimaliza, ni ujumbe gani utakaonithibitishia kwamba mtambo ni wangu na hautajifunga tena? Muuzaji anayekasirishwa na maswali manne amekwisha kukujibu. Gesi ya kupikia nayo imeanza kuuzwa mijini kwa mtungi wenye mita, mtu akilipia kadiri anavyopika, na kwa kuwa Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, sitashangaa mitungi hiyo ikipanda mlima ikafika huku. Maswali yatakuwa yaleyale.

Kuhusu matapeli nitasema kwa ufupi, maana viongozi wenu wamekwisha kuwaonya. Hakuna mtumishi wa TANESCO wala wa EWURA atakayekupigia akuulize namba ya siri ya simu yako. Hakuna tokeni ya nusu bei. Fundi anayekwambia anaweza kuifanya mita isihesabu anakuuzia kosa la jinai, na akiondoka anakuachia wewe mita na kesi.

Taarifa zenu nazo zina ulinzi. Unapoomba umeme unatoa namba ya kitambulisho, namba ya simu na mahali unapoishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamzuia anayezikusanya kuzitumia kwa jambo jingine bila msingi wa kisheria. Kijana anayekujazia maombi katika simu yake naye anashika kitambulisho chako. Mchague kama unavyomchagua mtu wa kumpa funguo.

Mwisho ni njia ya malalamiko, nayo haihitaji simu janja. Anza kwa mtoa huduma. Piga 180 au fika ofisini, na usikate simu wala usiondoke kabla hujapewa namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Iandike katika daftari lilelile. Usiporidhika na jibu, au jibu lisipokuja, lete lalamiko EWURA. Kwa Nyanda za Juu Kusini ofisi yetu ya kanda ipo Mbeya. Najua Mbeya ni mbali kutoka hapa. Ndiyo sababu ipo namba ya bure, 0800 110 030, na ndiyo sababu barua iliyoandikwa kwa mkono kwa Kiswahili cha kawaida hupokelewa na kusikilizwa kama ile iliyoandikwa na wakili. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji na kumsaidia kuandaa lalamiko. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Huduma ya kusikilizwa haina malipo. Mtu yeyote, awe na cheo gani, akikutoza chochote ili lalamiko lako lipokelewe, hilo nalo ni lalamiko, lilete.

Ndugu zangu, nimeona tangu nilipoanza baadhi yenu mmetoa simu mnatafuta ujumbe wa mwisho wa LUKU, na mama mmoja pale nyuma amemtuma mtoto nyumbani mbio. Nadhani nimeelewa alichotumwa. Meza yetu iko chini ya mwembe ule, na wenzangu wawili watakaa nami hadi saa kumi na moja. Mwenye ujumbe aje nao, tuusome pamoja mstari kwa mstari. Ambaye ujumbe wake umo katika simu ya mwenye duka aje na mwenye duka. Na ambaye hana kitu isipokuwa namba ya mita iliyoandikwa ukutani, aikariri, aje aniambie. Madaftari tumeleta kiasi. Tutaanza kuwagawia wazee.

Kamwene.